Kabla ya Kupima Kaboni Monoksidi kwa Infraredi

Kabla hujawasha kifaa, jiulize mistari unayoitafuta, yaani mahali pafinyu ambapo gesi hufyonza mwanga, ni myembamba kiasi gani. Kaboni monoksidi hufyonza infraredi karibu na 2143 cm⁻¹ (idadi ya mawimbi katika sentimita moja), na mistari yake imeachana kwa takriban 3.8 cm⁻¹. Kuitenganisha hakuna ugumu. Shughuli ni kuona umbo halisi la mstari mmoja, maana katika joto la chumba mbio za molekuli zenyewe (athari ya Doppler) huupa upana wa 0.005 cm⁻¹ tu. Spektromita, kifaa kinachochora mistari hiyo, huona vyembamba zaidi kadiri tofauti ya njia zake mbili za mwanga inavyokuwa ndefu: ambayo tofauti hiyo inaishia mita 2 itafika hapo kwa taabu; ya mita 5 inatosha bila wasiwasi.

Linalofuata ni kiasi cha gesi, na hapa ndipo wengi huharibu. Mtu hujaza seli (chombo cha gesi chenye madirisha ya kupitisha mwanga) akidhani gesi nyingi huleta mistari mizuri. Kwa gesi hii, milibari 1 tu (kama sehemu ya elfu ya shinikizo la hewa) katika seli ya sentimita 10 huzima kabisa mwanga katikati ya mistari mikali, na mstari uliozimika hausemi tena gesi ni kiasi gani. Anza na sehemu ya ishirini ya milibari. Ile milibari 1 usiitupe: ndiyo itakayoonyesha mistari hafifu ya kaboni-13, aina nzito ya kaboni, ambayo ni kama asilimia 1.1 ya kaboni yote. Kwa hiyo panga kujaza mara mbili, na uwe na geji inayosoma vizuri huko chini.

Seli iwe haivuji: vuta hewa yote, funga vali, uangalie geji kwa saa nzima. Hewa iondolewe hata ndani ya spektromita, la sivyo mvuke wa maji na kaboni dioksidi vitachora mistari yao. Kigunduzi cha indiamu antimonidi, kinachopokea mwanga, kinataka naitrojeni ya kimiminika ili kipoe. Hakikisha inatosha hadi mwisho wa kipimo.

Madirisha ya kalsiamu floraidi yanafaa, ila yawe na pande zisizo sambamba. Pande zikiwa sambamba, mwanga hudunda kati yake na kuacha mawimbi ya kupanda na kushuka kwenye spektra (mchoro wa mwanga uliopimwa), kwa hiyo pima seli tupu kwanza: mawimbi yakionekana hapo, si ya gesi.

Gesi hii huua na haina harufu. Bomba la pampu litoe nje, na kengele ya kuitambua ijaribiwe kabla mtungi haujafunguliwa.