Kabati la marehemu mke wako: anzeni na vitu vya watu kwanza

Naandika kwa ajili ya wababa wenzangu mliofiwa na wake, maana sisi tukishazika tunaachiwa funguo za kabati na pole nyingi, hakuna anayekwambia uanzie wapi. Mke wangu alifariki mwezi wa kwanza 2025, tupo Tanga, watoto wetu watatu wote watu wazima, mabinti wawili na kaka yao ambaye yuko Muscat kikazi. Kabati tumekuja kulifungua mwezi wa sita baada ya Iddi ya kuchinja ndo wote walikuwepo nyumbani.

Kosa la kwanza ni la kwangu mwenyewe. Hata arobaini haijafika akapita jirani, mzee vipi hizo nguo si uzitoe sadaka zimfae marehemu, nikaona kweli, nikajaza kiroba nikampa akagawe. Baadae sheikh wetu akaniuliza taratibu tu, ulitoa kwa idhini ya nani? Kumbe vitu vya mke akishafariki ni vya warithi wote sio vya mume peke yake. Mi mume nina robo kwa vile ameacha watoto, mama yake mzazi yupo hai basi ana sudusi yaani moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike fungu moja moja, ipo Surat An-Nisaa aya ya 11 na ya 12. Na kabla ya hayo mafungu yanatoka madeni, afu wasia kama upo na usizidi theluthi. Kwaiyo hata kanga moja usiitoe mpaka wote wameridhia. Ilibidi niende kwa mama mkwe kuomba radhi, akasamehe, ila niliona aibu sana.

Sasa siku yenyewe. Msianzie nguo. Nguo ndo zina harufu yake, mkizianza saa tatu asubuhi mpaka saa nne wote mnalia na hakuna kilichofanyika. Anzeni jikoni, na jikoni mnachotafuta ni vitu vya watu. Mke wangu alikuwa hakosi kwenye shughuli za mtaani, vyombo vinaenda vinarudi, na wanawake wana alama zao, rangi ya kucha chini ya sufuria, uzi kwenye mkono wa beseni, herufi imekwaruzwa kwa msumari kwenye sinia. Mi miaka yote nakula humo sijawahi kuziona. Binti mkubwa akawa anapindua kila chombo chini juu, chenye nukta nyekundu chetu, kingine chochote pembeni. Tulipata sufuria nne, masinia mawili na jamvi sio vyetu. Na vyetu vilivyo kwa watu navyo tulivipata hivyohivyo, ukirudisha cha mtu naye anakumbuka, ngoja na mimi nina bakuli zake.

Afu madaftari. Huyu kijana wangu ni mchapakazi sana, kafika tu kashika kiroba cha takataka, makaratasi yote humo, risiti za mwaka gani sijui, kadi za harusi, na kauntabuku moja limechakaa halina jalada. Mdogo wake akalichomoa. Lilikuwa daftari la upatu, mama yao ndo alikuwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, majina yote yamo na nani kapokea nani bado, na kulikuwa na wawili hawajapokea zamu yao. Hao wamama walikuja msibani, wakapika siku tatu, wakaondoka hawajasema kitu! Tukawalipa kwanza kabla hatujagawana hata kijiko. Karatasi yoyote yenye majina na namba isitupwe mpaka isomwe na mtoto wa kike, sisi wanaume hatujui hizo hesabu.

Pesa nazo. Kagueni pindo za kanga, chini ya godoro, ndani ya foronya, kwenye mikoba ya zamani, kopo la mchele. Tulikuta noti nne za elfu kumi zimefungwa kwenye kona ya kanga, zile za zamani. Benki Kuu (BoT) walitoa muda wa kubadilisha noti za 1985 mpaka 2003, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na sisi tunafungua kabati mwezi wa sita. Elfu arobaini imegeuka ukumbusho. Kwaiyo nguo zinaweza kusubiri ila pesa zitafuteni mapema.

Simu msiizime. Binti mdogo alikuwa anaichaji na kuifungua kila siku, mi nikaona anajitesa, kumbe kajua anachofanya, akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 inafutwa, na laini nayo ikikaa sana bila kutumika inafungwa. Vile vivoisi vya mama yao, yaani ujumbe wa sauti, vya kuuliza nazi zimeletwa ngapi vyote kavihifadhi pembeni. Salio la kwenye simu msilitoe kwa namba yake ya siri hata kama mnaijua, ni mali ya mirathi. Kama kuna benki au kiwanja, kaeni kikao cha familia muandike muhtasari, chukueni cheti cha kifo RITA, mwende Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi. Akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni, kwaiyo cherehani, friji, dhahabu, andikeni siku hiyohiyo mnavyotoa. Dhahabu pimeni kwa masonara wawili, mmoja hatoshi.

Nguo za ndani sisi wanaume tulitoka nje, mabinti wakazimaliza wenyewe. Wala sikuuliza.

Kanga ndo zikawa mwisho, sanduku zima, doti thelathini na kitu nyingine hazijakatwa. Kijana alisema fungu lake la kanga anawaachia dada zake ila mkewe naye achague moja, na hilo nalisisitiza, mkwe asisahaulike, lawama yake inadumu. Walichagua kwa zamu, mdogo akaanza, na kila doti wanasoma jina kwanza. Ilipofika JAPO SIPATI TAMAA SIKATI wakaanza kucheka, eti hii mama aliivaa mwaka ule baba anagomba kununua friji. Katikati ya doti moja kikadondoka kikuba cha asumini kimekauka kimekuwa kama majani ya chai, bado kinanukia kidogo. Tukaishia hapo siku ile. Mkifika sehemu kama hiyo fungeni sanduku mle, mtaendelea kesho.

Shemeji zako wakija kusaidia wapokee kwa chai, ila kufungua kabati iwe nyie na watoto tu. Mama mkwe tulimuuliza anataka nini, tukajua atasema dhahabu, akasema ile mbuzi ya kukunia nazi, alimpa mwanawe siku anaolewa. Mengine akatusamehe mbele ya watoto wote, na nikaandika.

Vya watu vimerudi vyote isipokuwa sufuria moja kubwa, chini ina nukta mbili za kijani. Nimeuliza mtaa mzima. Iko barazani imefunikwa, mwenyewe akipita ataiona.