Mchungaji, soma Neno kila siku na wafafanuzi wa zamani

Wachungaji wenzangu wa huku Nyanda za Juu, tunajuana. Hata chai hujanywa tayari simu inaita, kuna msiba, kuna mgonjwa, kamati ya ujenzi inakusubiri na mahindi yako nayo yanataka palizi. Ukisema nitasoma nikipata nafasi, hutasoma kabisa. Amka kabla ya watu, zima data, jifunike blanketi, chukua Biblia na daftari. Kama wewe ni wa Kanisa la Moravian, neno la siku unalo tayari, ule mstari wa Biblia wa kila siku, Wamoraviani wa mji wa Herrnhut kule Ujerumani walianza kuichapa mistari hiyo 1731 na Wamoraviani walifika Rungwe 1891, so anzia hapohapo.

Usianze na mfafanuzi, yaani mtu aliyeandika kueleza maana ya Biblia. Soma kifungu chenyewe kwa sauti, kifupi tu, na kama unayo kwa Kinyakyusa au lugha yoyote ya nyumbani soma na hiyo, halafu andika maswali yako mwenyewe. Ukianza na mfafanuzi utauliza maswali yake tu, ya watu wako utayasahau.

Sasa nenda kwa wazee, yaani hao wafafanuzi wa zamani, mmoja mmoja, usirukeruke. Mimi nampenda sana Yohana Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefia uhamishoni 407. Umesoma Mathayo 25 pale Yesu anaposema alikuwa uchi wakamvika, sasa mzee huyu akihubiri Injili hiyo hiyo anawaambia watu wasimheshimu Kristo ndani ya kanisa kwa hariri huku nje wanamwacha anateseka kwa baridi bila nguo. Soma hiyo mwezi wa saba ukiwa Makete au Njombe, mnachangishana vitambaa vipya vya madhabahu na unamjua kabisa bibi ambaye hana blanketi, uone kama utahubiri vilevile Jumapili. Lakini huyohuyo aliwasema Wayahudi vibaya mno kule Antiokia, maneno ya kuumiza, hayo yaache kabisa usiyapandishe madhabahuni. Ndio maana kila mfafanuzi muulize: ulikuwa wapi, ulikuwa unapambana na nani, na waliokaa mbele yako ni kina nani?

Kwenye Zaburi mtafute Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo ambayo leo ni Annaba kule Algeria. Angalia namba tu, kwenye hesabu aliyotumia yeye Zaburi yetu ya 23 ni ya 22, usije ukadhani umekosea kitabu.

Matthew Henry wengi tunamtaja, na ni mzuri kwa mchungaji kwa sababu na yeye alikuwa mchungaji wa ushirika, Chester huko Uingereza. Ila alifariki 1714 ufafanuzi wake wa Biblia ukiwa umefika Matendo ya Mitume, Warumi mpaka Ufunuo walimalizia wachungaji wenzake. Kwa hiyo ukihubiri Warumi usiseme "Matthew Henry anasema", sema ufafanuzi ulioanzishwa na yeye.

Vitabu vya hawa kwa Kiingereza cha zamani ni bure mtandaoni, vishushe ukiwa mjini Mbeya au Iringa ambako mtandao una nguvu, usome kijijini hata bila bando. Kiingereza cha vitabu hivyo ni kigumu, soma aya moja tu kwa siku, na kwenye daftari andika tarehe, mstari, jina la mzee na jambo moja ulilokataa kwake.