Usimkate jicho kamba wa maji baridi

Wafugaji wa Bagamoyo waliowahi kuona uzalishaji wa kambamiti wa baharini wanajua kwamba jike hubanwa au hukatwa kikonyo kimoja cha jicho, yaani kishina kinachobeba jicho, ili atage upesi. Ndani ya kikonyo hutengenezwa homoni kadhaa, zikiwemo mbili: moja huzuia ovari isikomae, nyingine huzuia kujivua gamba. Kikonyo kimoja kikiondoka, vizuizi vyote viwili hupungua.

Kwa kamba mkubwa wa maji baridi, Macrobrachium rosenbergii, huko ni kumtesa mnyama bure. Jike wake hukomaa mwenyewe maji yakiwa na nyuzijoto 28 hadi 30. Mtazame kichwani kupitia gamba: ovari iliyoiva ni ya rangi ya chungwa, imetanda kutoka nyuma ya macho. Akishajivua gamba, dume humpanda ndani ya saa chache, naye hutaga kabla saa 24 hazijapita. Asipopata dume hutaga vilevile, ila mayai hayo hudondoka baada ya siku mbili tatu. Ukiona hivyo usibadilishe chakula, hesabu madume: mmoja mwenye magando ya buluu kwa majike 4 au 5.

Hasara kubwa iko hapo kwenye gamba. Jike aliyejivua ni laini, wenzake humla. Tupia vipande vya bomba la plastiki na nyavu chakavu ajifiche. Ngisi au maini ya ng'ombe mara mbili kwa wiki huongeza mayai.

Mayai hukaa chini ya tumbo siku 20 hivi, yakitoka rangi ya chungwa kwenda kahawia, kisha kijivu. Kijivu maana yake zimebaki siku mbili au tatu, basi mhamishie kwenye tangi lenye chumvi sehemu 5 kwa 1,000. Kama maji ya bahari yana sehemu 35, changanya lita 143 na lita 857 za maji baridi. Mabuu, yaani watoto walioanguliwa, yanataka sehemu 12: lita 343 za maji ya bahari kwa 657 za maji baridi.

Usichote maji ya bahari karibu na mlango wa mto Ruvu. Chumvi ya pale hubadilika maji yakijaa na kupwa, na mvua za masika huishusha zaidi. Pima kila pipa kabla ya kuchanganya, kwani mabuu yaliyoachwa kwenye maji baridi matupu hufa ndani ya siku chache hata ukiyalisha vizuri.