Kava ya msumeno wa umeme imeganda? Usiifunge waya

Misumeno ya umeme ya mkononi, ile yenye bledi ya duara, ya mtumba tunayoletewa hapa Kizota, Dodoma, mara nyingi ina ugonjwa mmoja: kava ya chini, ile inayofunika meno na kurudi yenyewe ukimaliza kukata, imeganda. Muuzaji atakwambia, "Springi tu hiyo, fundi," au utakuta aliyekutangulia ameibana juu kwa waya ili kazi iende. Mimi huutumia ugonjwa huo kuangushia bei, kwa sababu springi kufa ni nadra. Kinachozuia kava karibu kila mara ni uchafu.

Cha kuogopa ni mota. Kabla hujatoa hela, soma kibati. Kikisema 100V, msumeno ulitengenezwa kwa umeme wa Japani. 120V, wa Marekani. Wetu ni 230V, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kushushia, yenye wati zinazozidi za msumeno. Kisha nusa matundu ya hewa: ukipata harufu ya vanishi iliyoungua, mrudishie mwenyewe. Tikisa na ekseli ya bledi. Ikicheza, weka beringi kwenye hesabu ya bei.

Ukifika nao nyumbani, hakikisha plagi iko nje na unaiona. Bonyeza kitufe cha kufungia ekseli, zungusha bolti ya bledi kuelekea upande ambao bledi huzunguka ikikata, kisha itoe bledi. Misumeno mingi ya mkononi hufunguka hivyo. Ikigoma, weka tone la oili, nenda kanywe chai. Nyundo iache.

Piga picha ya springi kabla hujaigusa, maana kila ndoano ina tundu lake. Vaa miwani, ishike kwa koleo, itoe. Toa na ile pete ya chuma inayobana kava, halafu ivute kava itoke shingoni.

Shingo ndiyo penye kazi. Ni duara la aluminiamu ambalo kava huzungukia, na utalikuta limevaa koko jeusi, gumu, linalong'aa ukilipitishia kucha. Huo ni utomvu wa paina ulioshikana na unga wa mbao, na kiangazi cha Dodoma kimeongezea vumbi lake. Mbao za kupaulia kutoka Mafinga zikikatwa mbichi huacha utomvu mwingi. Mninga hausumbui hivyo, ila nani siku hizi anapaulia mninga?

Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kamua, kizungushe shingoni ukiache hadi koko lilainike. Kwangua kwa kijiti cha mwanzi au kadi ya plastiki. Patasi haifai, kwani mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu unakuwa kizuizi kipya. Malizia kwa mswaki, na ndani ya tundu la kava vilevile. Laza msumeno upande ambao mafuta hayatatiririkia kwenye mota. Kaboni za ndani ya mota hutoa cheche, kwa hiyo usichomeke mpaka pakauke na harufu iishe.

Rudisha kava bila springi. Inatakiwa ianguke kwa uzito wake. Ikikwama, tafuta palipochubuka pakang'aa: hapo pamepinda, pengine msumeno uliwahi kudondoka. Kava ya bati hunyooshwa taratibu kwa mkono. Ya aluminiamu ya kusubu ukiilazimisha inakatika. Pitisha msasa pale inapogusa.

Grisi shingoni usipake. Vumbi letu litaigeuza tope kabla hujamaliza paa moja. Sugua penseli ya seremala kuzunguka shingo yote mpaka iwe ya kijivu. Inateleza na haishiki vumbi.

Rudisha pete na springi kufuata picha. Sasa vuta kava kwa kishikio chake na uiachie, msumeno ukiwa wima, umelazwa, umepinduliwa, kisha kitako, yaani bamba lake la chini, kikiwa kimeinamishwa nyuzi 45. Kila mara igonge mwisho wake. Ikirudi kichovu ilhali shingo ni safi, hapo kweli nunua springi mpya. Kukata mzunguko mmoja wa springi ya zamani ili ikaze ni kuitafutia siku ya kukatika. Ikigonga vizuri, funga bledi, mshale wake ukilingana na mshale wa kwenye kava, ndipo uchomeke.