Laini ya Mashemeji: namna ya kuipanga ili asionewe mtu

Mechi ya Mashemeji, yaani AFC Leopards na Gor Mahia, ikikaribia, kila tawi la mashabiki hapa Nairobi hugombania mambo mawili: nani atapiga isukuti, ngoma ya Waluhya, na nani alifika wa kwanza kwenye laini ya tiketi. La isukuti siliwezi. La laini naliweza, maana daftari la tawi letu la Ingwe, ndiyo Leopards, hukaa kwenye droo ya cherehani yangu Kaloleni, na mimi ndiye ninayeita majina. Mume wangu ni wa K'Ogalo, ndiyo Gor Mahia, ana tawi lake na daftari lao, na juma la mechi hatuulizani kitu. Nayaandika haya kwa katibu yeyote wa tawi aliyekabidhiwa kazi hii akadhani ni ya kushika kalamu tu.

Anza na sheria, watu waje baadaye. Ukingoja watu wajae ndipo utangaze kwamba kila kichwa ni tiketi mbili, yule aliyetaka nne atasema umemlenga yeye, na huenda asikosee. Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na sheria zote: orodha inafunguliwa saa ngapi, tiketi ngapi kwa mtu, majina yanaitwa saa ngapi, ruhusa ya kutoka ni ya muda gani, na asiyeitika anafanywa nini. Upige picha ukurasa huo, uutume kwenye kikundi cha WhatsApp siku mbili kabla, kisha uubandike pia mlangoni mwa kinyozi au kwenye kibanda cha mboga, kwa sababu wazee wetu wengi bado wana simu za mulika mwizi, na hao ndio wameishabikia Ingwe tangu ikibeba kombe la vilabu la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Kuwaacha nje kwa sababu ya simu ni aibu.

Kwenye kila mstari andika namba, jina analoitwa mtaani, na tarakimu tatu za mwisho za simu yake. Namba ya kitambulisho usiandike. Daftari hupotea, na likipotea na vitambulisho vya watu ndani yake, umewauza wenzako.

Kuandika namba kwenye kiganja kwa kalamu ni kazi bure, jasho na mvua hufuta. Mimi hukata vipande vya kitambaa cha buluu vilivyobaki kwenye ushonaji, navishona namba kwa uzi, kila mechi uzi wa rangi nyingine ili mtu asije na kipande cha mwaka jana. Kama hushoni, kata katoni ya unga na uipige muhuri. Kipande kikipotea, daftari ndilo linaloamua. Na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Mkenya wa rika langu akisikia mlolongo hukumbuka uchaguzi wa 1988, wapigakura walipopangwa nyuma ya wagombea, na kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe. Kwa hiyo usiniambie "si unaona tu nani yuko mbele". Hesabu, andika, soma, na mtu mwingine asiye ndugu yako aweke sahihi chini ya ukurasa.

Sasa saa zenyewe. Laini yetu hufunguliwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, watu wakitoka kazini. Majina huitwa saa mbili usiku na tena saa nne, halafu kila mtu anakwenda kulala kwake na namba yake mkononi. Saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi tunaita tena, na saa tatu ndipo tiketi ambazo tawi limenunua kwa pamoja zinagawiwa. Ukikosa kuitika mara moja, unashuka nafasi kumi. Mara mbili, unafutwa. Ruhusa ya kwenda chooni au kununua chai ni dakika ishirini, na unamwachia jirani wa nyuma kipande chako, si wa mbele. Wa nyuma ndiye angefaidika usiporudi, kwa hiyo akikutetea, ametetea kweli.

Suala la kutolala nje limeniletea matusi kuliko uamuzi mwingine wowote, kwa hiyo nilieleze kwa kirefu. Vijana wa chuo huja na godoro na blanketi la Kimasai, wanataka waliokesha watangulie. Hoja yao ni kwamba mapenzi ya timu hupimwa kwa taabu, na aliyelala kwenye baridi ameonyesha zaidi ya aliyelala kitandani. Hoja hiyo si ya kijinga. Mteja wangu mmoja ana mtoto aliyesomea Cornell, chuo kikuu kilicho Ithaca, jimbo la New York, Marekani. Huko wanachopenda ni hoki ya barafu. Uwanja wao, Lynah, ulifunguliwa 1957, viti vyake havifiki 5,000, na wanafunzi wamewahi kukesha nje wakisubiri tiketi za msimu. Wapinzani wao wa Harvard wakija, hutupiwa samaki kwenye barafu. (Mume wangu aliposikia habari ya samaki alikasirika kweli. Alisema hao hawana adabu na chakula.) Kwa mwanafunzi, mkesha wa namna hiyo ni haki: wote wana umri mmoja, wote wanaishi karibu na chuo, wote kesho wana darasa lilelile la kukimbia.

Sisi hatufanani hivyo. Kwenye daftari langu kuna soja anayelinda ghala Industrial Area kuanzia jioni hadi alfajiri. Kuna mama anayenyonyesha. Kuna kondakta wa matatu ambaye Ijumaa usiku ndiyo siku yake ya kupata kitu. Ukisema aliyekesha ndiye shabiki, soja huyo aliyekesha akilinda mali ya mtu mwingine atakuwa wa mwisho kila mwaka. Mkesha unapima nani ana usiku wa bure. Tena mwanamke anayetoka Kaloleni saa tisa za usiku kwenda kusimama gizani anahatarisha zaidi ya tiketi, na sitaandika sheria inayomlazimisha kuchagua.

Njia niliyoiona kuwa bora kidogo nimeiokota kwa chuo kingine cha huko huko Marekani, Duke, jimbo la North Carolina, ambako mchezo ni wa kikapu. Wanafunzi hupiga mahema nje ya uwanja wa Cameron. Hema moja huwa na watu hadi 12, wanapokezana, na wasimamizi wa laini hupita kuhakikisha kuna mtu ndani. Sisi tumepunguza: watu wanne wanaweza kuchukua namba moja, waandikwe wote wanne, na jina likiitwa aitike yeyote kati yao. Soja wetu yuko na dada yake na majirani wawili. Wakati wa kulipa kila mmoja aje mwenyewe au atume pesa kwa simu yake mwenyewe, lakini kusimama wanasaidiana. Kikundi kikitaka kubadilisha mtu katikati ya usiku, kataa. Hapo ndipo nafasi huanza kuuzwa.

Na kama kweli unataka kupima mapenzi, usiyapime siku ya Mashemeji. Siku hiyo hata shemeji wa shemeji ni shabiki. Yapime Jumatano alasiri, mvua inanyesha, timu inacheza na klabu iliyo mkiani, jukwaani mnahesabiana vichwa. Tawi letu huweka alama kwa aliyekuwepo kwenye mechi za namna hiyo, na theluthi ya tiketi za Mashemeji huwaendea wenye alama nyingi bila kusimama popote. Alama zikilingana tunapiga kura kwa vikaratasi kwenye sufuria, mtoto mdogo ndiye anayechomoa. Vijana wa godoro walinung'unika msimu wa kwanza. Sasa wawili kati yao wanaongoza kwa alama.

Kuna watu wa kutangulizwa, na wajulikane mapema: wajawazito, wenye ulemavu, wazee wanaotembelea mkongojo. Lakini wapewe tiketi kwa idadi ileile. Nimeona mzee akitumwa na wajukuu watano, kila mmoja na pesa yake. Shikamoo mzee, karibu kiti, tiketi ni mbili.

Kuhusu anayeruka laini, usipige kelele kwanza. Mwulize namba yake mbele ya aliye mbele na aliye nyuma. Wengi huondoka wenyewe hapo, kwa haya. Asipoondoka, usimguse wala usiwaruhusu vijana wamguse. Simamisha ugawaji, ufunge daftari, ukae. Watu themanini wanaosubiri watamshughulikia kwa maneno kuliko wewe. Usimwite askari isipokuwa kuna ngumi au wizi, kwa sababu akija hana muda wa kusoma sheria zako, atatawanya wote, mwenye namba na asiye nayo.

Mlanguzi ni hatari zaidi kwa sababu hana kelele. Haji mwenyewe, huwalipa vijana watatu wamsimamie. Utawajua kwa kuwa hawajui kipa ni nani. Usiwafukuze kwa kuwashuku tu, ila mtu akitaka tiketi lazima kipande, jina na tarakimu za simu vikubaliane, na bei ni ile ile tawi lililonunulia, pasipo senti ya "usumbufu". Katibu akianza kujilipa kwenye bei, naye amekuwa mlanguzi mwenye daftari. Mkipenda kumshukuru, mchangieni nauli waziwazi baada ya mechi.

Siku hizi tiketi nyingi huingia kwenye simu, na wengine hudhani hapo habari ya laini imekwisha. Waulize waliokuwa uwanja wa Kasarani Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, pamoja na Uganda na Tanzania. Baada ya watu kuvamia mageti, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliagiza mashabiki wapunguzwe. Kwa mechi na Zambia, uwanja unaosifiwa kwa viti 60,000 ulibaki na tiketi 27,000, zote za kielektroniki. Wasio na tiketi walipovunja mlango, waliolipa ndio walionyimwa viti. Wakati wa kununua kwa simu, nunua kwenye njia iliyotangazwa na waandaaji peke yake, uwe na salio kabla dirisha halijafunguliwa, na msimbo wako usiuweke kwenye status kujionyesha. Mashine ya getini haijui nani alilipa. Humkubali wa kwanza kuupitisha, anayefuata na msimbo uleule hubaki nje akilia. Wenye simu za mulika mwizi wanunuliwe tiketi na mwanatawi mmoja anayeaminika, majina yaandikwe, waingie pamoja naye.

Getini sasa, na hapa sitanii. Tarehe 23 Oktoba 2010, mechi hii hii, uwanja wa Nyayo, watu 7 walikufa kwenye msukumano wa kuingia. Wote walikuwa wameamka wakienda kutazama mpira. Tawi lifike mapema, muda wa saa tatu nzima kabla ya mchezo kuanza, na tukutane mbali na geti, halafu tusogee kwa mstari wa mtu mmoja mmoja. Ngoma zinyamaze mpaka tuwe ndani, kwa sababu isukuti ikilia nyuma, wa nyuma husukuma bila kujua. Watoto wawe katikati ya mstari, mkono mmoja ukiwa huru. Ukiona bega lako linabanwa pande zote mbili na mkono unainuka kwa shida, usingoje kuona itakuwaje: kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usipambane kurudi nyuma, jongea kwa mshazari kidogo kidogo kuelekea pembeni kila umati unapolegea. Kiatu kikikuvuka, kiache. Simu ikianguka, iache. Aliyeanguka, watu wa karibu wamwinue mara moja huku wakipaza sauti kwamba kuna mtu chini. Geti likifungwa ukiwa nje na tiketi yako, rudi nyuma utazame kwenye runinga ya kibanda chochote, tiketi utaidai Jumatatu.

Mechi ikiisha, tiketi ambayo haikuchukuliwa iandikwe ilikwenda kwa nani na kwa bei gani, na hesabu isomwe kwenye mkutano wa kwanza wa tawi, tumeshinda au tumefungwa. Kisha pigia orodha mstari kwa kalamu nyekundu. Mechi ya marudiano huanza na ukurasa mpya, na aliyekuwa namba moja safari hii hana dai lolote juu ya namba moja ya safari ijayo, hata kama ni mwenyekiti.