Kamari ikija na maradhi mengine, utachaguaje tiba?

Kabla hujauliza tiba ipi nzuri, uliza huyu mtu ana nini zaidi ya kamari. Mana huku kwetu, Unguja na Pemba, tunaona kijana anabeti tu, hatuoni kama usiku hapati usingizi, kashuka moyo, anakunywa au anatumia unga, na tiba inategemea hayo. Dawa anazotumia ziangalie pia: mzee mwenye Parkinson (maradhi ya kutetemeka) anaekunywa dawa yake iitwayo pramipexole akaanza kamari ukubwani, msimlaumu, dawa hiyo inajulikana kuleta hamu hiyo, arudi kwa daktari alomwandikia na asiiache ghafla mwenyewe.

Tiba ya fikra na tabia (mazungumzo na mshauri ya kubadili mtu anavyofikiri na anavyofanya) ndo yenye ushahidi mwingi. Chukua mkeka wa mechi kumi, tisa zimeingia moja imegoma, yeye anakwambia "yakhe, nilikaribia". Mshauri anakaa nae wanapiga hesabu: hata kila mechi ingekuwa na nafasi 70 kwa 100, zote kumi kuingia pamoja haifiki 3 kwa 100. Halafu huyo anaebeti anaandika hamu inakuja saa ngapi, yuko wapi, kwenye simu kuna shilingi ngapi, kagombana na nani, na hapo ndo inajitokeza kuwa huyu anabeti usiku peke yake ili asahau huzuni, mwengine anabeti maskani na wenzake kwa raha, na hawa wawili hawatibiwi sawasawa hata kidogo. Wa kwanza huzuni yake itibiwe pamoja na kamari, isingojeshwe.

Kama bado anasema "mimi sina tatizo", hasa akiwa anakunywa, anzeni na mazungumzo ya kumtia ari, njia aloieleza mwanasaikolojia wa Marekani William Miller mwaka 1983 kwa watu wenye shida ya pombe. Ni vikao vichache, hahukumiwi, anasaidiwa ataje mwenyewe sababu za kuacha. Mimi naiona ni mlango, ndani bado kuna kazi. Vikundi vya wenzake waloacha vinampa watu wa kumuelewa lakini havitibu sonona, yaani huko kushuka moyo.

Ukisoma kuwa tiba fulani "inafanya kazi", tazama walimfatilia mtu kwa muda gani (mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona faida ya tiba ya fikra na tabia hadi miezi mitatu baada ya tiba, mbele ya hapo ushahidi ulikuwa mdogo), wangapi walikatisha, na je wenye sonona au unga waliingizwa au walitolewa? Wakiwa walitolewa, matokeo yale si ya ndugu yako.

Anaekunywa methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga) hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, amwambie mhudumu habari ya kamari hata asipoulizwa, na akienda kwa mshauri mwengine, awaruhusu hao wawili wazungumze. Akitaja kutaka kujiua, habari ya kulinganisha tiba iacheni, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msimwache peke yake. Na pesa za simu, kwa ridhaa yake, azishike mtu anaemuamini mpaka hamu ipungue.