Namna ya kufuatilia chimbuko la jina adimu la Kiingereza: tuanze na Birtwistle

Usianze na maana ya jina. Wengi wakiliona Birtwistle hudhani ni mluzi wa ndege (kwa Kiingereza *bird whistle*), na huko Marekani limefikia kuandikwa Birdwhistell. Maana iache mpaka ujue ukoo ulikaa wapi.

Hatua ya 1: vyeti. Anza na jamaa unayemjua, urudi nyuma kizazi kwa kizazi. England na Wales ziliandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali kuanzia Julai 1, 1837, na fahirisi zake utazipata bure kwenye tovuti ya FreeBMD. Ukiwa na pesa ya cheti kimoja tu, nunua cha ndoa: kinataja baba wa kila upande na kazi yake.

Hatua ya 2: sensa. Ya 1841 ina kasoro. Umri wa watu wazima mara nyingi ulishushwa hadi kigawe cha 5, na mahali pa kuzaliwa hapakutajwa kwa jina. Kuanzia 1851 parokia inaandikwa. Kisha chukua sensa ya 1881, uhesabu wenye jina lako kwa kila kaunti. Hapa ndipo jina adimu linapolipa. Akina Smith wametapakaa kila mahali, lakini akina Birtwistle wanarundikana Lancashire, kaunti ya kaskazini-magharibi mwa England. (Sensa ya 1931 usiitafute, iliteketea kwa moto 1942.)

Hatua ya 3: vitabu vya kanisa. Parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi tangu 1538. Karani aliandika alivyosikia, kwa hiyo tafuta pia Birtwisle, Birtwhistle na Burtwistle. Ukikwama, wasia husaidia kuliko ubatizo, maana hutaja wakwe na wajukuu.

Hatua ya 4: sasa ramani. Birtwistle kilikuwa kitongoji karibu na mji wa Padiham, jirani na Burnley, hukohuko Lancashire. Kitongoji kimepotea, jina limebaki kwa watu. Mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle alizaliwa 1934 Accrington, mji wa jirani tu. Katika Kiingereza cha kale, *bridd* ni kinda la ndege na *twisla* ni panda ya mito. Oswaldtwistle na Entwistle, zote za Lancashire, zina mwisho huohuo.

Hatua ya 5: nembo. Maduka yatakuuzia ngao ya "ukoo wako". Usinunue. Kwa sheria ya England, nembo hupewa mtu na uzao wake, si kila mwenye jina. Muuzaji akikazania, mwulize ilitolewa kwa nani, kisha uthibitishe kwa College of Arms, London, inayotunza kumbukumbu hizo.